Pesa ya Kelele

Fundi aliiweka ile pedi ya breki kwenye kiganja changu kama konda anavyorudisha chenji, bila kunitazama usoni.

Ilikuwa nyepesi. Upande mmoja bati, upande wa pili bati vilevile. Ule ugumu mweusi unaofanya kazi yote ya kusimamisha gari ulikuwa umekwisha, umebaki ukingoni tu kama uji uliokaukia sufuriani. Akaninyoshea kidole kwenye diski. Ilikuwa imechimbika mistari mistari. Nilipopitisha ukucha, ukucha ukanasa.

Breki hazikuwa zimenipeleka kwa mafundi wa Grogan, Nairobi, siku hiyo. Nilikuwa nimepeleka bomba la moshi. Kishikizo kimoja kilikuwa kimekatika, bomba likawa linagonga chini kila nikipita tuta, na mimi siwezi kuvumilia gari linalogonga. Gari linalonguruma, sawa. Linalogonga, hapana.

"Hizi pedi huwa na kakibati hapa," akasema, akinionyesha mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. "Pedi ikikaribia kuisha, kakibati kanagusa diski, kanalia. Kanalia kama panya. Haka kako kamelia wiki nyingi mpaka kenyewe kakaisha. Hukusikia?"

Sikusikia.

"Ungesikiaje na hilo bomba?"

Akarudi chini ya gari, mgongo juu ya katoni iliyokunjuliwa, na akiwa huko huko chini akasema maneno ambayo yamenikaa kooni tangu siku hiyo.

"Pesa ya kelele unayo, bosi. Ya breki ndiyo huna."

Hakusema kwa ubaya. Yeye ndiye aliyenifungia hilo bomba miaka mitatu iliyopita. Tulilijaribu pamoja, gari limesimama, mguu juu ya mafuta, mafundi wa vibanda vya jirani wakatoka na spana mkononi kuja kuangalia, naye akacheka kuliko wote. Kwa hiyo hakuwa mhubiri. Alikuwa anataja tu alichokiona, kama anavyotaja oili inayovuja.

## Kushuka Mai Mahiu

Kilichonitia baridi si pedi yenyewe. Ni tarehe.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeteremka Mai Mahiu, ule mteremko wa kwenda Naivasha, na breki hizo hizo.

Ilikuwa Machi 2025, Ijumaa ya Safari Rally, mashindano ya magari ya Naivasha. Tulikutana kwenye kituo cha mafuta saa kumi na nusu alfajiri, magari kumi na moja: Subaru Forester yangu ya turbo ya 2005, Impreza kadhaa, Legacy, Golf mbili, Mark X moja, na Probox ambayo mwenyewe tunamcheka kila mwaka na ambaye kila mwaka hufika Vasha, yaani Naivasha, kabla yetu. Wenye familia walikuwa wametangulia Alhamisi kwa barabara ya juu. Mke wangu alikataa kupanda na mimi. Ana breki yake upande wa abiria, anaikanyaga mpaka kapeti limetoboka, na alisema mguu wake unahitaji likizo.

Anayeijua ile barabara anajua nitakachosema. Unaondoka baridi ya Limuru, unaanza kuteremka, upande wa kushoto Bonde la Ufa limefunguka kama mtu amekuvulia shuka, malori yametanda, na kila lori ni mwaliko. Unachungulia, unaingia, unatoka. Mbele yako mwenzako amefanya hivyo hivyo, taa zake za nyuma zinapotelea konani, na wewe hutaki kuwa yule aliyekatika kwenye msafara.

Nilikuwa nakanyaga breki kila kona. Gia nimeiacha kwenye D, maana nani ana habari ya gia ndogo wakati gari la mbele linaondoka?

Karibu na lile kanisa dogo la Waitaliano nikaanza kunusa kitu. Nikafikiri ni lori. Kila mara tunafikiri ni lori.

Tulipotoka kwenye miteremko, barabara inaponyooka kuelekea mjini, nikafungua. Sindano ilikuwa inapanda kupita 110. Halafu nikaona mkokoteni wa punda unaingia barabarani kutoka kushoto, mitungi ya maji imepangwa nyuma, na juu ya mitungi amekaa kijana mwenye kofia ya sufi nyekundu. Alikuwa ameupa msafara wetu kisogo. Nikakanyaga.

Kanyagio likashuka laini, kama unakanyaga mkate.

Upande wa pili wa barabara ulikuwa mtupu. Nimekuwa nikiitafuta namna ya kulisimulia hili ili nionekane nilifanya jambo, na sioni. Nilizungusha usukani, nikapita, upande wa pili ulikuwa mtupu. Huo ndio ustadi wangu wote. Dakika moja kabla kulikuwa na basi. Dakika moja baadaye kulikuwa na tangi la mafuta, niliona taa zake.

Kwenye kioo nikaona punda amesimama, na ile kofia nyekundu imegeuka.

Jioni, kambini, niliisimulia hadithi hiyo mimi mwenyewe, kwa mikono miwili na midomo ikitoa sauti ya tairi. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Wikendi nzima wakaniita Baba Punda. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko pedi. Nililala usingizi mzito kabisa.

Fundi alinieleza baadaye kilichotokea. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishakunywa maji, yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka, mafuta hayabonyezeki. Mguu wako unafinya hewa. Alichota ya kwangu kwa bomba la sindano akayamwaga kwenye kifuniko cha chupa: meusi, kama kahawa ya msibani. Nilikuwa na gari hilo miaka sita. Sijawahi kuyabadilisha, na sijawahi kujua kwamba hubadilishwa.

Naijua presha ya turbo yangu kwa tarakimu.

## Bingwa nyuma ya bodaboda

Kuna kitu kingine niliona wikendi hiyo. Wakati ule sikukitilia maanani.

Jumamosi tulikuwa tumetazama magari yakipita Sleeping Warrior, kimoja cha vipande vya mashindano. Sitajaribu kueleza. Aliyesimama kwenye vumbi lile, fesh-fesh laini kama unga wa ngano, akasikia gari linakuja kabla halijaonekana, halafu likaonekana liko hewani, hahitaji maelezo yangu, na ambaye hajasimama sitaweza kumsaidia.

Jioni tukawa tunarudi kwa barabara ya Moi South Lake. Foleni inasonga kwa utaratibu. Mbele yetu, magari matatu hivi, nikaona bawa la nyuma la gari la mashindano. Gari lenyewe, la kiwango cha dunia, limejaa matope mpaka kwenye kioo, linarudi kwenye karakana yao. Na lilikuwa nyuma ya bodaboda iliyobeba gunia la sukuma wiki.

Linafuata bodaboda. Kwa kilomita hamsini kwa saa, labda hata hazikufika. Linawasha taa ya kugeuka. Linasimama kupisha wanafunzi wanaovuka.

Ndivyo sheria za ralii zilivyo: kipande cha mashindano kina mwanzo na mwisho, barabara imefungwa, saa inahesabu. Ukitoka hapo, gari lina namba za usajili kama langu na la kwako, na dereva akizidisha mwendo barabarani huadhibiwa kama yeyote. Hayo nilikuwa nayajua miaka yote. Nilikuwa sijayaona.

Kilichotokea ni kwamba Impreza mbili za mashabiki, si za msafara wetu lakini zingeweza kuwa, zikatoka kwenye foleni, zikalipita lile gari kwa upande wa magari yanayokuja, honi zikilia, vijana wamekaa madirishani nusu mwili nje wakipiga video. Walimpita dereva wa Safari Rally! Sisi tukapiga vigelegele.

Yeye aliwapungia mkono. Aliendelea kufuata sukuma.

## "Unajiona Joginda?"

Baba yangu hakuwahi kumiliki gari la kasi. Alikuwa na pikapu ya Peugeot iliyoanza kwa kusukumwa. Lakini tulipokuwa tunakimbia na baiskeli kwenye mteremko wa shule, swali lake lilikuwa moja: "Unajiona Joginda?"

Nadhani nyumba nyingi za Kenya zina swali hilo. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Kizazi cha baba kilimgeuza nomino. Ukiendesha ovyo, wewe ni Joginda.

Mwezi uliopita, kwa kuwa usingizi ulikuwa umenigomea, nilianza kusoma upya habari zake, na nikagundua tumelikosea jina lile. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Volvo aliyoshindia mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant ilikuwa mtumba, iliyokwisha kukimbizwa na wengine kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Na sifa aliyokuwa nayo miongoni mwa wenzake ilikuwa kumaliza. Alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19, katika mashindano ambayo mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho.

Kwa hiyo mtu ambaye gari lake lilikuwa likifika, sisi tumemfanya jina la mtu ambaye gari lake halifiki. Nilipomwambia mzee kwenye simu, alinyamaza kidogo, akasema, "Aa, lakini alikuwa anakimbia." Basi.

Na ni kweli alikuwa anakimbia. Sitaki kumgeuza padri. Tena hapa ndipo ninapokwama, kwa sababu Safari ile tuliyoipenda, kabla ya kuondolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, haikuwa na barabara zilizofungwa. Magari yalipita kwenye barabara za watu, na watu ndani yake. Nikiwa mtoto upande wa Nakuru, mpangilio ulikuwa huu: kwanza helikopta, kisha vumbi, kisha gari. Helikopta ilitangulia kuangalia kama kuna ng'ombe, lori au mtoto mbele, ikamwambia dereva kwa redio. Mama alikuwa akituswaga nyuma ya ua tukiisikia.

Huko ndiko kulikozaliwa ugonjwa wangu. Patrick Njiru akamaliza wa nne mwaka 1994 na Subaru. Colin McRae akashinda mwaka 1997 na Subaru ya buluu yenye rimu za dhahabu. Mvulana wa miaka tisa nyuma ya ua hakuwa na nafasi ya kujinasua.

Je, ilikuwa sawa? Mama hakuulizwa. Ng'ombe hawakuulizwa. Nikisema leo kwamba ilikuwa makosa, najiona mnafiki, maana ningelipa nauli ya kwenda mbali ili niione tena mara moja. Nikisema ilikuwa sawa, naiona kofia nyekundu.

Ninachoweza kusema ni kwamba hata wao, katika wazimu ule, walikuwa na mtu angani wa kuwaangalizia, na mwingine kitini akisoma noti: kona ya kushoto, mlima, kuna shimo nyuma ya mlima. Mimi Mai Mahiu sikuwa na mtu wa kunisomea chochote. Nilikuwa na taa za nyuma za Golf.

## Siku tisa za miguu

Diski zilichelewa. Fundi alikataa kunifungia pedi mpya juu ya diski mbovu, na zile za mtumba kutoka Japani alizoniletea kwanza zilikuwa za Forester isiyo ya turbo, ndogo kidogo. Nikakaa siku tisa bila gari.

Nilikuwa nimesahau Thika Road ni kitu gani kwa mtu wa miguu.

Nikiwa kwenye gari, nilikuwa na hotuba yangu kuhusu wanaovuka chini ya daraja. Daraja liko pale, wanavuka chini, halafu wakigongwa tunaambiwa ni sisi. Siku ya pili ya miguu, jioni, nimechoka, mvua inanyunya, begi begani, nikasimama nikalitazama daraja la Roysambu: ngazi, umati, wachuuzi, ngazi tena. Nikapanda, sikuvuka chini. Lakini nilisimama kwanza. Nikapiga hesabu ileile wanayopiga wao. Kutoka siku hiyo hotuba yangu imepungua maneno.

Siku ya tano ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Nilikuwa stejini nikisubiri matatu, kwenye ile njia ya pembeni, saa moja na nusu usiku. Watu kama thelathini hivi, nusu wamesimama kwenye lami kwa sababu pembeni kuna matope. Nikaisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Boksa, injini ya Subaru. Pistoni zake zimelala, zinapigana ngumi kushoto na kulia, na kwenye zile za turbo za zamani mabomba yanayotoka kwenye injini hayalingani urefu, kwa hiyo mapigo hayafiki pamoja. Ndiyo maana haivumi kama gari jingine. Inadunda. Mwili wangu ulifurahi kabla sijauomba ruhusa. Nilikuwa nimeanza kutabasamu, nikawaza: hiyo ni ya ndugu yetu, hiyo imefungwa bomba la inchi tatu.

Pembeni yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa kama miaka minne. Alikuwa anazungumza na simu. Hakuacha kuzungumza, hakugeuka, hakutazama. Mkono wake tu ndio ulioshuka, ukamkamata mtoto kwenye ukosi wa sweta, ukamvuta nyuma mpaka mtoto akakaa kwenye matope.

Steji nzima ilirudi nyuma hatua moja. Kimya kimya, wote pamoja, kama watu wanaosimama kanisani.

Subaru ikapita. Ilipopita, ilipiga ule mlio wa bunduki wa mafuta yanayowakia kwenye bomba, ule ambao mimi mwenyewe nililipia utengenezwe kwenye kompyuta ya gari langu. Mtoto akaanza kulia. Mama akamwambia mtu wa kwenye simu, "Hapana, ni hizi Subaru tu," akaendelea na habari zake.

Ni hizi Subaru tu.

Kwa miaka sita nilikuwa nikiamini watu wanageuka kwa sababu wanapenda. Wapo wanaopenda, siwakatai, vijana wa stejini hunyoosha simu. Lakini hatua ile moja ya kurudi nyuma sijawahi kuiona, kwa sababu ukiwa ndani ya gari haionekani. Ukifika, watu wameshakaa pale walipokaa. Unadhani ndipo walipokuwa.

## Yanayosemwa kwenye grupu

Wiki hiyo hiyo ikaingia video kwenye grupu letu. Dashibodi usiku, Southern Bypass, sindano inapita 190. Mikono minane ya kupiga makofi, moto, moto, moto. Nilipanda juu kutafuta video za zamani na nikajikuta mimi mwenyewe nimeweka moto kumi na moja chini ya video kama hiyo, mwaka jana tu.

Nikaandika swali moja: "Nani alikuwa ameshika simu?"

Dereva alikuwa peke yake.

Mjadala uliofuata ulikwenda mpaka usiku wa manane, na nitakuwa mkweli, haukuwa wa kijinga. Mmoja alisema kasi haiui, inaua tofauti ya kasi, na anayetambaa kwa 40 kwenye njia ya kulia naye aulizwe. Mwingine akasema mbona Probox zenye mzigo wa miraa zinapita kwa kasi hiyo kila siku na hakuna anayeandika makala. (Nikaona amenijua.) Mwingine, mwenye Mark X, akasema sisi wenye magari haya tunayajua, tunayasikiliza, tunayahudumia kuliko mtu wa Vitz asiyejua hata tairi zake zina upepo kiasi gani. Hapo nilinyamaza. Pedi ilikuwa mezani mbele yangu, naitumia kuzuia karatasi.

Hoja iliyorudi mara nyingi ni kwamba hatuna pahali. Hatuna kiwanja cha mbio cha kudumu ambapo mtu wa kawaida anaweza kwenda Jumapili akalipa, akakimbia, akarudi nyumbani. Autokrosi, zile mbio za kiwanjani za kushindana na saa, zipo, lakini ni mara chache na gari linakatikakatika. Kwa hiyo, walisema, tutaenda wapi?

Nilikuwa nikiipenda sana hoja hiyo. Bado nadhani ina ukweli. Lakini nimekuwa nikijiuliza jambo moja: kabla ya autokrosi kuna mkaguzi. Anakagua kofia yako, mkanda, matairi, anakanyaga breki. Gari langu la Machi lisingevuka geti. Wangenirudisha nyumbani mbele ya watu. Kwenye lami ya Mai Mahiu hakukuwa na geti, na kusema kweli sehemu ya utamu wa barabara ni kwamba haina mkaguzi. Sijui kama tukijengewa kiwanja kesho tutakwenda wote. Mimi mwaka jana nisingekwenda. Kiwanjani kuna saa, na saa ingenionyesha kwamba mimi ni dereva wa kawaida tu.

Halafu kuna matatu. Hakuna watu wanaotukana matatu kuliko sisi wenye magari ya kupendeza. Sheria za matatu za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza Februari 2004 nilikuwa mwanafunzi: mikanda, mstari wa njano, kidhibiti mwendo cha kilomita 80. Tulishangilia, na mpaka leo tunapoona nganya imetoboa muziki na taa za rangi inachomeka njiani tunasema hawa watu wanahitaji Michuki mwingine. Gari langu lina bomba la moshi, taa za rangi, na halijawahi kukaguliwa na mtu yeyote tangu nilinunue isipokuwa fundi aliyelala kwenye katoni. Niliandika hivyo kwenye grupu.

"Umezeeka, buda," mmoja akajibu. Labda. Nchi hii inazika watu zaidi ya 4,000 wa ajali za barabarani kila mwaka, na wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote, walikuwa wakitembea au wako juu ya pikipiki, kwa hiyo kuzeeka ni jambo la bahati.

Baadaye, saa saba usiku, mmoja wetu ambaye huwa haandiki akanitumia ujumbe pembeni. Alikuwa na Subaru STI nyeupe, tuliililia alipoiuza. Aliandika: "Uliniuliza kwa nini niliuza. Usiulize tena, lakini umeuliza vizuri leo."

Sijauliza.

## Risiti

Mimi ni mtu wa kutunza risiti. Ziko kwenye bahasha ya kaki kwenye droo. Usiku mmoja nilizitoa zote nikazipanga kitandani, mke wangu akadhani tunafilisika.

Bomba la moshi, 42,000. Rimu za inchi 17, 75,000. Taa, 18,000. Ile vali inayopiga chafya ukiachia mafuta, 12,000. Jumla, shilingi 147,000 za kuonekana na kusikika.

Breki, kwa miaka sita: risiti moja, 3,200. Pedi za bei ya chini za mbele, za mwaka 2021.

Nilikaa nazo mkononi. Kwa kilomita 110 kwa saa gari linakwenda zaidi ya mita 30 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kukanyaga, umekwisha kupita karibu mita 46 kabla breki haijaanza kazi. Baada ya hapo ndipo ile 3,200 inaingia.

## Grogan tena

Siku ya tisa nilikwenda kulichukua gari. Diski mpya, pedi mpya mbele na nyuma, mafuta mapya ya breki yenye rangi ya asali. Fundi alinipeleka mwenyewe kulijaribu, mpaka Ngara na kurudi. Kanyagio lilikuwa juu na gumu. Nilikuwa nimesahau kwamba hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Breki inakwisha polepole kiasi kwamba mguu unaizoea.

Tuliporudi aliingia stoo, akatoka amekumbatia kitu kimefungwa kwenye gunia. Akafungua. Ilikuwa sailensa yangu, ile ya asili, aliyoikata miaka mitatu iliyopita. Ina kutu kidogo ubavuni, lakini nzima.

"Hii inanijazia stoo," akasema. "Niirudishe?"

Kazi ya saa moja, akasema. Kuchomelea sehemu mbili tu.

Nilisimama pale. Mtu wa kibanda cha pili alikuwa amewasha Impreza, anaipasha moto, ikawa inadunda kwenye ukuta wa mabati, du-du-du, na fundi akageuka kuisikiliza, akatabasamu bila kujua. Mimi pia.

"Iweke kwenye buti," nikasema. "Nitakuambia."

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Nimeteremka Mai Mahiu mara moja tangu siku hiyo, nyuma ya lori la mahindi, kwenye gia ya pili, njia nzima, mke wangu amelala na viatu vyake vimetulia. Mjini kulikuwa na mikokoteni mitano. Niliangalia kofia moja moja.

Sailensa bado iko kwenye buti, ndani ya gunia lake. Nikipita tuta, inagonga.